Siku Niliyokataa Kufuta

Waliokuwapo siku ile, katika ukumbi ulio chini ya kanisa letu pale Rockville, Maryland, walikuwa hawa: mimi; Mapendo, mdogo wangu aliyenifuata; Bahati, kitinda mimba wetu, ambaye bado alilala na kidole mdomoni; Mama Faida, aliyetuchukua nyumbani kwake baada ya mama yetu kufariki; Anti Kerubo, muuguzi kutoka Kisii, mtungaji wa mafumbo; Brian, mtoto wa dada yake; Bwana Shayo, Mtanzania aliyeendesha basi la abiria kule uwanja wa ndege, ambaye kila mwaka alikuja kushindana na kumchokoza Anti Kerubo; na mama mmoja wa ofisi ya watoto ya kaunti, mwenye koti la kijani na mkoba uliojaa karatasi. Walikuwapo na wengine, familia nzima nzima, lakini hao ndio ninaowaona nikifumba macho.

Nimewakumbuka wiki iliyopita kwa sababu ya harufu. Nilikuwa Arlington, kwenye shindano la kufumbua mafumbo ya maneno, yale ya Kiingereza ambayo mimi na wenzangu wachache tunayapenda kuliko akili zetu zinavyoyaweza. Mzee aliyeketi mkono wangu wa kushoto alikosea, akaanza kufuta kwa nguvu, na ile harufu ya mpira uliopata moto kwa kusuguliwa ikanifikia. Penseli ikanisimama mkononi. Nilimaliza wa mwisho kasoro mmoja, na sikujali, maana muda wote nilikuwa nimerudi Rockville, nina miaka kama kumi na mmoja, nimeficha kitu kidogo cheupe ndani ya ngumi.

Kitu hicho kilikuwa na majina matatu kwetu. Wakenya walikiita raba, Watanzania ufutio, na sisi tuliotoka Kongo tulikiita gome. Anti Kerubo aliviweka kwenye kikombe katikati ya kila meza na kusema kila mtu aite apendavyo, mradi atumie. Mimi sikuwa na nia ya kutumia.

Ili nieleweke, lazima nianzie katika kambi ya wakimbizi Tanzania, tulikoishi kabla ya kuletwa huku. Mama alitufundisha mahojiano ya kuomba kuhamishiwa Amerika kama watoto wengine wanavyofundishwa sala. Mtu mmoja alikuuliza jambo, kisha mtu mwingine, katika chumba kingine, akakuuliza jambo lile lile kwa kulizungusha, na majibu yalipaswa kukutana. Mlitenganishwa, kila mmoja na mlango wake. Anayechelewa kujibu alionekana anatunga. Anayebadilisha alikuwa amekwisha. Jirani yetu mmoja alisema mkewe alikufa wakati wa mvua, halafu akakumbuka vizuri akasema la, kilikuwa kiangazi, na faili lake likalala. Siku tulipopanda lori la kuondoka tulimwacha akipalilia mchicha wake.

Katika majibu yetu lilikuwapo moja ambalo mama alilirudia kuliko yote. Mkiulizwa mna nani Amerika, semeni mjomba. Mjomba alikuwa ametangulia, akaishi Idaho, mbali sana na hapa. Sisi tulipewa Maryland. Tukafika, mama akapata kazi ya kusafisha ofisi, tukaanza kuzoea, kisha akaugua ugonjwa ambao ulikuwa umemsubiri kwa muda mrefu. Baba hatukuwahi kufika naye hata kambini. Kwa hiyo mama alipofariki tulibaki watatu, nami nikawa mkubwa.

Mama Faida alikuwa akisali nasi tu, hatukuwa na undugu naye. Alifanya kazi ya kuhudumia wazee. Jioni ya mazishi alitukalisha kwenye gari lake na kutupeleka kwake bila kutangaza chochote, kama mtu anayepita dukani kununua mkate. Baada ya siku chache akaja yule mama wa kaunti. Aliweka simu mezani, na ndani ya simu mlikuwa na sauti ya mkalimani, mwanamume mwenye Kiswahili laini cha pwani. Wakauliza tungependa kuishi na nani. Nilijibu kabla sauti haijamaliza. Kwa mjomba.

Mama Faida alikuwa jikoni akimenya viazi. Sauti ya kisu ilikatika kidogo, kisha ikaendelea.

Sikuwa nimefikiria chochote. Nilijibu kama nilivyofundishwa, nami nilijiona hodari. Baadaye ndipo habari zilipoanza kurudi. Mjomba alikuwa na watoto wake na nyumba ndogo. Angeweza kuchukua wasichana wawili. Bahati angetafutiwa familia nyingine, huku huku au kwingine. Nilipolisikia hilo nilitamani kusema hapana, basi, tubaki hapa sote. Lakini jibu lilikuwa limeshatoka. Nilimsikia Mama Faida akizungumza na mtu kwenye simu, akisema, "Mutoto amesema yeye mwenyewe. Miye ni nani nimukataze?" Aliendelea kutupikia na kutusuka, na hakuniuliza kitu. Nikadhani hataki tubaki. Naye, nilikuja kujua, alidhani sitaki kubaki.

Nikanyamaza. Mapendo naye akanyamaza, kwa kuwa alinifuata katika kila jambo. Nadhani ni ukimya huo uliomfanya Mama Faida amwite Anti Kerubo.

Anti Kerubo alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kutoa amri wodini. Alipokuwa msichana huko kwao alijifunza kufumbua mafumbo ya Kiingereza kwenye magazeti ya siku zilizopita ambayo muuza duka alifungia sukari, na alipofika Amerika akaanza kutunga ya aina ile ile kwa Kiswahili, ili watoto wa kanisani, ambao walisikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, wapate sababu ya kukitafuna. Mara moja kwa mwaka kulikuwa na shindano. Alikuja kwa Mama Faida Jumapili mchana, akachora visanduku kwenye karatasi, akaandika chini yake: Si maradhi ya ngozi ya kichwa, huyu hunguruma.

Akatueleza kwamba fumbo zuri lina njia mbili zinazofika mahali pamoja. Njia moja ni maana: nani hunguruma? Njia ya pili ni kulijenga neno lenyewe. Akauliza maradhi ya ngozi ya kichwa yanaitwaje. Hilo tulilijua vizuri, kambini tulikuwa nayo sote. Mba, alisema Mapendo, neno lake la kwanza siku hiyo. Sasa weka "si" mbele yake, akasema Anti Kerubo. Mapendo akacheka. Nami nikahisi kitu kichwani kama mlango unaosukumwa na upepo. Simba, mnyama niliyemjua tangu utotoni, alikuwa na mba ndani yake siku zote na hakuna aliyeniambia.

Kuanzia hapo sikuweza kupita kwenye neno bila kuchungulia ndani. Niligundua kwamba ndani ya kitabu mna tabu, na kwamba sabuni imebeba buni, na barua inaishia kwa ua. Nilimsumbua Mama Faida akiwa anaosha vyombo. Kanisani niliacha kuimba katikati ya wimbo ili nikate neno. Nilikuwa na furaha ambayo sikuielewa, na niliionea aibu kidogo, kwa sababu mama alikuwa amekufa karibuni.

Lakini pamoja na udadisi huo nilikuwa na hakika ya jambo jingine. Maswali mawili, jibu moja, na majibu lazima yakutane: hilo nililijua lilikotoka. Hakuna aliyeniambia, ila kwangu lilikuwa wazi kama mchana kwamba Anti Kerubo ametumwa kutuandaa kwa mahojiano. Na Mama Faida alipotuambia kwamba Jumamosi ya shindano yule mama wa kaunti atakuja pia, aone tunavyoishi na watu wetu, nikamaliza hesabu. Shindano ndilo lilikuwa siku yenyewe. Nikamchukua Mapendo bafuni, nikamwambia andika haraka, kandamiza penseli, usifute chochote. Akaitikia kwa kichwa kama zamani.

Tulipofika ukumbini Anti Kerubo alitupanga wawili wawili, akichanganya nchi makusudi. Mapendo alipelekwa meza ya mbali na msichana wa Kitanzania. Nilipoona tunatenganishwa nikawaza ile milango ya kambini. Mimi niliwekwa na Brian, aliyekuwa na umri wangu na aliyesema Kiswahili kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Bahati alibaki nyuma kwenye mapaja ya Mama Faida, karibu na chai. Mama wa koti la kijani aliketi jirani yao. Mtu alimpa karatasi ya fumbo na penseli kwa heshima tu, kwa kuwa hakujua neno la Kiswahili zaidi ya asante.

Bwana Shayo alikuwa tayari ameanza. Alitaka kujua kama mwaka huu mafumbo yametungwa kwa Kiswahili au kwa Kikenya. Anti Kerubo alimjibu akae chini, kwamba mwaka jana alimaliza wa mwisho akasingizia miwani. Watu wakacheka, kengele ikagongwa, tukaanza.

La kwanza nililipata mara moja. Herufi ya kwanza, kisha omba Mungu: nyuki wataleta. A, kisha sali. Asali. Brian alinitazama kwa heshima. Neno hilo lilishuka chini, na A yake ilikuwa pia kisanduku cha pili cha neno jingine la herufi sita lililokwenda kulia. Fumbo la neno hilo lilisema: Nusu ya baba, kisha jasho: maji yasiyonyweka.

Leo ningelitazama kwa utulivu. Nusu ya baba ni "ba". Jasho kwa jina jingine ni "hari". Lakini neno hari sikuwa nimewahi kulisikia, na niliogopa kuchelewa. Nikaifuata njia moja tu, ya maana. Maji yasiyonyweka. Nimezaliwa kando ya ziwa ambalo watu huingia hadi magotini, wakachota, wakanywa. Bahari nilikuwa sijaiona. Maji pekee niliyojua hayanyweki yalikuwa yale ya barabarani baada ya mvua. Nikaandika MATOPE, nikikandamiza, na A ya asali ikakaa sawasawa mahali pake. Nilifurahi.

Kisha Brian akalipata lake. Waumini wanayo, imo katikati ya "mlima ni mrefu". Alifuata herufi kwa kidole mpaka akaiona imani imejificha pale. Neno lake lilianza katika kisanduku cha mwisho cha neno langu, na hapo palikuwa na E yangu.

"Hii yako iko wrong," alisema. "Inataka I. Si u-erase tu."

Nikasema haiko. Akaniambia na neno jingine linaloshuka katikati linataka A pale penye O yangu. Nikasema abadilishe yake. Akaingiza mkono kwenye kikombe kuchukua raba, nami nikaiwahi, nikaifumba ngumini. Brian, ambaye hakuwa mtoto mbaya, alishangaa tu. Aliinua mkono kumwita anti yake.

Anti Kerubo alikuja akachuchumaa kando yangu. Aliisoma karatasi, akaona matope, na uso wake ukataka kucheka. Kisha akaona ngumi yangu.

"Kwani kuna nini, mama?"

"Ukibadilisha wanajua unadanganya," nilimnong'oneza. "Halafu banatutenganisha."

"Nani?"

Nilimwonyesha kwa kidevu. Alimtazama yule mama wa kaunti, akamtazama Mapendo kwenye meza ya mbali, akanirudia mimi. Aliniuliza, polepole, yule mama aliniuliza nini siku ile. Nikamwambia. Aliniuliza nilijibu nini. Nikamwambia. Akauliza mimi mwenyewe nataka nini. Nilisema tu kwamba jibu limeshatoka.

Anti Kerubo alijulikana kwa jambo moja zaidi ya mafumbo yake: hakuwahi kukubali kwamba kosa ni lake. Watu walikuwa wamemletea kamusi, walikuwa wamempigia simu jamaa zao Dodoma na Mombasa, na bado hakukubali. Alisimama, akaenda mbele hadi kwenye ubao mweupe ambapo jedwali kubwa lilichorwa na mafumbo yote kuandikwa, akagonga ubao kwa kucha.

"Naomba mnisikilize. Hili la maji yasiyonyweka, nimekosea. Fumbo halifai. Nalifuta."

Na akalifuta, kwa kiganja. Kisha akasema kila aliyeandika jibu lake, liwe lolote, alifute.

Bwana Shayo alisimama. Alisema fumbo halina kosa hata kidogo, ni zuri kuliko yote aliyowahi kutunga, na yeye ameshalijibu. Anti Kerubo akamwambia afute.

"Nifute jibu lililo sahihi?"

"Futa, Shayo."

"Ngoja niandike tarehe," alisema Bwana Shayo akiwageukia watu. "Leo Mkenya amekosea Kiswahili na amekiri mbele ya mashahidi." Ukumbi mzima ulicheka, na Anti Kerubo akasimama pale mbele na kicheko chote kile bila kujitetea. Bwana Shayo akaketi, akachukua ufutio.

Nakumbuka sauti iliyofuata. Watu wazima na watoto, meza baada ya meza, walianza kufuta, na meza za plastiki zikatetemeka, na harufu ile ya mpira ikapanda. Niligeuka kumtazama mama wa kaunti nione atafanya nini, kama atafungua mkoba, kama atamwita Anti Kerubo pembeni. Alikuwa akitazama huku na huku. Kwa kukosa la kuandika alikuwa amejaza jina lake mwenyewe kwenye visanduku. Sasa, alipoona kila mtu anafuta, akamwomba Mama Faida raba kwa ishara, akainama, akafuta jina lake.

Nilimtazama mpaka akamaliza. Akapuliza takataka za raba kutoka kwenye karatasi, akamtabasamia Bahati.

Kule mbali Mapendo alikuwa ameinua kichwa, ananitazama, penseli hewani. Nikaitikia kwa kichwa. Akainama haraka sana, kama mtu aliyengoja kwa muda mrefu.

Nilifungua ngumi. Gome lilikuwa na jasho. Nilifuta M, nikaibakiza A kwa sababu ilikuwa ya asali, nikafuta zilizobaki. Penseli niliyoikandamiza ilikuwa imeacha mifereji kwenye karatasi. Brian aliandika imani yake bila kusema neno. Mimi nilisimama, nikapita katikati ya meza, nikaenda nyuma. Anti Kerubo alinifuata.

"Nataka kufuta," nilimwambia mama wa kaunti.

Anti Kerubo akatafsiri. Yule mama alidhani nasema fumbo, akaninyooshea raba.

"Mjomba," nilisema. "Nataka kufuta mjomba. Tunataka kukaa kwa Mama Faida, sote watatu."

Anti Kerubo aliligeuza hilo kwa Kiingereza, kisha akalirudia kwa Kiswahili, neno kwa neno, ingawa hapakuwa na haja, kwa kuwa Mama Faida alikuwa pale pale na alikuwa amesikia. Mama wa kaunti alitoa kalamu, akauliza kama nina hakika, akasema watoto hubadilisha mawazo na si kosa, ndiyo maana yeye hurudi kuuliza. Mama Faida alimshusha Bahati chini taratibu.

"Ju ya nini hukusema?" aliniuliza.

Alifuta uso wake kwa upindo wa kitenge, akaniambia nikanawe mikono, chakula kinapoa.

Mambo ya karatasi yalichukua muda, kukawa na safari za mahakamani na mjomba akapigiwa simu, akashukuru Mungu kwa sauti ambayo hata mtoto angeisikia imetua mzigo. Tulibaki. Nililelewa katika nyumba ile, na mgongo wa Mama Faida ulipoumia kwa kuinua wagonjwa nilitoka shuleni kabla ya kumaliza, nikashika kazi ile ile aliyoiacha. Mapendo alimaliza masomo kwa niaba yetu sote. Bahati yuko Sterling, analinda majengo yaliyojaa kompyuta, ana watoto wawili, na ananiambia hakumbuki chochote cha siku ile isipokuwa maandazi.

Jioni ya shindano, watu walipokuwa wakikunja viti, Anti Kerubo aliniita nimsaidie kufuta ubao. Lakini jedwali hakutaka nilifute. Lilikuwa limejaa majibu, isipokuwa pale katikati, visanduku vya lile fumbo, ambavyo vilikuwa na herufi zilizokopwa kwa majirani tu: A ya pili, A ya nne, I ya mwisho.

"Fumbo langu lilikuwa zuri," aliniambia. "Unajua hilo?"

Nikasema ndiyo, Anti.

"Basi umeniharibia jedwali. Utanitungia lingine la kukaa hapo. Lieleweke na mtoto wa Kisii, na wa Moshi, na wa kwenu, bila ugomvi. Na usiniletee nusu ya mzazi wa mtu, hiyo ni yangu."

Nilidhani anatania. Mwaka uliofuata aliniuliza, na uliofuata pia. Sasa amestaafu, amerudi kwao Kisii, na ananiuliza kwa ujumbe wa sauti. Nimempelekea safari, alisema neno hilo hata Mzungu analijua. Nimempelekea hatari, alisema inaonekana toka mbali. Dawati lilimtia hasira: "dawa" sawa, akasema, na "ti" ni kitu gani?

Niliporudi kutoka Arlington wiki iliyopita niliketi mezani kabla ya kuvua koti, nikaandika moja kwa pumzi moja, nikamtumia. Nusu ya mama, kisha ajira: mahali pa kuishi. Makazi. Herufi zote zilikaa.

Jibu lilikuja kesho yake. Alisema ni zuri. Alisema amelisomea wajukuu zake na wamelifumbua. Kisha akakohoa, akarudi kwenye sauti yake ya wodini. "Lakini umechukua ujenzi wangu, ukamtoa baba ukaweka mama. Huwezi kunilipa kwa kitu changu. Tunga lingine."

Kwa hiyo bado nadaiwa visanduku sita, na vitatu kati yake vina herufi tayari.